Lifti ya Pralenge

Ujumbe wa sauti wa Godson ulimkuta Elieshi kwenye basi, anatoka kazini, miguu imevimba na mfuko wa ndizi mbivu umelala mapajani. Aliibana simu sikioni kwa sababu kwenye mabasi ya Hounslow, huko London, huwezi kujua nani anaelewa Kiswahili na nani haelewi.

"Ndugu wana-Theluji, habari za saa hizi," ilisema ile sauti, nzito, ya mtu aliyeshiba. "Mimi nasema ukweli, wa kuchukia achukie. Pralenge ni takataka. Lifti moja, tena ya enzi za babu. Miteremko imelala kitandani. Bibi yangu wa Marangu angeteleza pale na mkungu wa ndizi kichwani na usitikisike. Jioni hakuna muziki, hakuna watu, mkimaliza kula kijiji kinazima taa. Safari hii twendeni Grand Corvel kama watu wazima. Pralenge tuwaachie wazee na wagonjwa."

Elieshi aliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza alisikia, mara ya pili alichagua pa kukasirikia. Aliposhuka kituoni kwake alikuwa amekasirikia kila neno, hata ile salamu ya mwanzo.

Wana-Theluji ni kundi la Watanzania na Wakenya wa magharibi ya London, wengi wao manesi, watunza wazee na watu wa uwanja wa ndege, ambao kila Februari hufunga mabegi wakaenda Ufaransa kuteleza kwenye theluji. Nani aliwaloga hatujui. Lilianza kama mzaha, mmoja akatuma picha amevaa miwani kubwa kama macho ya nzi, wengine wakaona wivu, na sasa wana fulana zenye jina. Na kwa kuwa ni watu wetu hawa hawa, hawawezi kutoka wawili bila mwenyekiti, katibu na kikao. Kikao kikuu ni cha Novemba, na hapo ndipo huamuliwa waende wapi. Elieshi ndiye mratibu: yeye huongea na hoteli, yeye hupanga vyumba, yeye hulaumiwa maji ya moto yakikatika.

Misimu iliyopita walikwenda Pralenge, na Elieshi alikuwa tayari kugombana na ukumbi mzima ili warudi huko huko.

Sababu yake haikuwa theluji. Sababu yake ilikuwa Daisy, binti yake wa pekee, anayemaliza shule mwakani na kwenda chuo Scotland mwezi wa tisa. Nyumbani mama na mwana waliishi kama wapangaji wawili wenye heshima zao. Elieshi anauliza kwa Kiswahili, Daisy anajibu kwa Kiingereza, na jibu ni lile lile. Shule vipi? "Fine." Umekula? "Fine." Mlango wa chumba unafungwa taratibu, bila kishindo, na hiyo taratibu ndiyo iliyokuwa inamkata Elieshi maini. Mtoto akibamiza mlango angalau unajua pa kuanzia.

Sasa, Pralenge pana lifti moja tu. Viti vyake ni vya watu wawili wawili, vimeshikwa na waya, vinapanda mlimani polepole huku vikilalamika. Mtoto akianguka huko juu lifti inasimama, na ikisimama inawaacha mnaning'inia juu ya misonobari, miguu na skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea, zinabembea hewani, kimya kabisa. Mikono imo ndani ya glavu nene. Simu imezikwa chini ya makoti. Hakuna mlango wa kufunga. Mwaka wa kwanza, waliponing'inia hivyo, Daisy alianza kuongea mwenyewe, anatazama mbele, kana kwamba anaiambia miti. Na kwa vile mlima ni mmoja na lifti ni moja, ukishuka unarudi pale pale, unapanda tena na mtu yule yule, na maneno yanaendelea yalipoishia. Kwa wiki nzima Elieshi alikuwa anampata mwanawe kipande kwa kipande. Wiki moja tu, halafu mwaka mzima wa "fine".

Grand Corvel, kwa maelezo yote, pana lifti chungu nzima na mabonde yasiyohesabika. Wepesi hupotelea vileleni, wazito hubaki chini wanapoza kahawa. Daisy alikuwa mwepesi. Elieshi alijijua alivyo, na alijua meza atakayokaa.

Hicho ndicho kilichokuwa kinagombaniwa: wiki ya mwisho ya Daisy kabla hajaondoka. Hakuna aliyejua ila mama yake, na mama yake hakuwa na nia ya kumwambia mtu.

Angekuwa mwingine aliyepaponda Pralenge, labda Elieshi angejibu kwa ustaarabu. Lakini alikuwa Godson. Godson ndiye aliyesimama mpambe siku Elieshi alipoolewa na Noel, baba yake Daisy, na Noel alipohamia Birmingham kwa mwanamke mwingine, Godson alikwenda huko kwenye ubatizo wa mtoto wao, akapiga picha ameshika keki. Picha ikafika mtandaoni kabla keki haijaliwa. Tangu siku hiyo wakikutana Godson husema, "Habari, shemeji," na Elieshi hujibu, "Mimi si shemeji yako," na hayo ndiyo maamkizi yao.

Kwenye kundi aliandika maneno mengi, akayafuta. Mwishowe alituma sentensi moja: "Tutaonana kwenye kikao." Watu waliomjua waliisoma, na mawazoni wakaanza kusogeza viti kupisha ugomvi.

Ukumbi wa kikao ulikuwa wa kanisa, karibu na kituo cha treni, chini kabisa ya njia ya ndege zinazotua. Ndege ikipita msemaji hunyamaza, mdomo wazi, mkono hewani, kisha kelele ikiisha huendelea na neno lile lile. Wageni hucheka, wenyeji wameshazoea. Jumamosi ile kina mama walileta chapati na maharagwe, vijana wakawekwa jikoni kumimina chai, na Elieshi mwenyewe ndiye aliyefungua lile dirisha kati ya jiko na ukumbi ili vikombe vipite.

Mwenyekiti alikuwa Lawrence, Mkenya, mwalimu wa hesabu, mtu wa kunyoosha mambo hata yasiyopinda. Alisimama akagonga meza kwa kijiko.

"Wacha niweke kanuni moja kabla tuumizane," alisema. "Mwaka jana tulikosana hapa juu ya nini? Kila mtu alikuwa anasema 'ni pazuri', 'ni pabaya', kama jaji. Mlima haujakosea mtu. Leo, mtu akitaka kukosoa pahali au kupasifu, aanze kwa kusema yeye mwenyewe anapenda nini. Halafu ndio atuambie pahali pamemfaa ama pamemkosesha. Asiposema anapenda nini, maneno yake tunayaweka kando. Mko sawa na hiyo?"

Watu wakasema wako sawa. Elieshi alikuwa amekuja na kisu kikali na huyu mwalimu anamwambia amenye viazi.

Godson alianza. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi kweli kweli, na kwa mshangao wa wote aliifuata kanuni kama mtoto mzuri.

"Mimi napenda mwendo," alisema. "Napenda kushuka mlima mpaka nisahau nilikoanzia. Kurudi pale pale, pale pale, kunanichosha roho. Na jioni napenda kelele, maana nafanya kazi ofisi ya mizigo peke yangu na kompyuta. Kwa mtu kama mimi Pralenge ni adhabu. Lile neno takataka nalirudisha, nilikuwa nimekasirika. Pana mazuri yake: foleni hakuna, na wale wenye hoteli ni watu. Ila kwangu mimi hapatoshi."

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na Elieshi akahisi moto unapanda shingoni. Godson mwenye majivuno Elieshi alimmudu. Godson mwenye haki alikuwa mgeni kwake, na hakumpenda hata kidogo.

Bahati nzuri Godson hakujua pa kuishia. "Halafu mimi ni mtu wa mlima," akaongeza, anajipapasa kifua. "Nimezaliwa Marangu. Theluji nimeiona kabla sijaona lami."

"Uliiona kwa mbali!" Elieshi alikuwa ameshasimama. "Kwa mbali kama sisi wote! Mimi ni wa Machame, mlima ule ule, na niambie nani humu ndani amewahi kukanyaga kileleni. Waliokuwa wanapanda ni Wajerumani. Sisi tulikuwa tunawauzia parachichi barabarani. Theluji kwetu ilikuwa ya kwenye kalenda, Godson, usitudanganye mbele ya Wakenya."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja wa Moshi alipiga paja lake mpaka chai ikamwagika.

"Na hiyo miteremko iliyolala kitandani," Elieshi aliendelea, maana kicheko ni kama petroli kwa mtu wa namna yake, "mwaka jana nani aliuvamia uzio wa watoto? Si wewe? Si ulitolewa pale na mwalimu wa chekechea, amekushika mkono, unaambiwa pinda magoti, pinda magoti? Unapenda mwendo, sawa. Kusimama je, unakupenda?"

"Nilikuwa nampisha mtoto," Godson alisema, shingo imevimba.

"Mtoto gani? Mtoto alikuwa upande wa pili anakupiga picha!"

"Elieshi," Lawrence aligonga kijiko. "Hayo yote ni ya Godson. Wewe unapenda nini?"

"Napenda usalama," Elieshi alijibu haraka. "Mimi ni nesi wa mifupa. Kila mwaka mwezi wa pili nawapokea watu wametoka kwenye milima ya sifa kama huo wa Godson, goti linaangalia nyuma. Mimi ndiye ninayewavisha soksi. Pralenge watu wanarudi na miguu yao."

Lilikuwa jibu zuri na wengine waliguna kukubali. Lakini Godson alikuwa amejiandaa. "Grand Corvel upande mzima wa chini ni wa wanaojifunza," alisema. "Mpana, umelala kuliko hata Pralenge. Nimeuliza, nimejibiwa. Usalama upo. Lingine?"

"Chakula. Pralenge tunakula vizuri."

Teresia, Mkenya mtunza wazee, rafiki yake wa damu kabisa, aliinua kichwa kutoka kwenye chapati. "Haki, Elieshi, usiseme hivyo. Ile supu ya jibini hata wewe ulimwagia maua."

Wakacheka tena, na safari hii hawakuwa upande wake.

"Utulivu, basi. Napenda utulivu."

"Wewe?" Godson alisema, na hakuhitaji kuongeza neno.

Elieshi alibaki amesimama, mikono imeshika mgongo wa kiti cha mbele. Alikuwa anashindwa na alijua. Kila sababu aliyoitoa mfukoni ilikuwa ya kuazima, na zote zilikuwa zinarudishwa dukani. Alitazama nyuso za watu, akaona wameshaanza kuihama Pralenge. Macho yao yalikuwa na ile kiu ya mahali papya. Nao walikuwa na haki yao, ndilo lililomuuma. Kwa mtu anayependa mwendo, au kelele, au sifa za kupiga picha juu ya mawingu, Pralenge hapakuwa na kitu.

"Mwenyekiti," Godson alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imeacha adabu, "kanuni yako imetusaidia. Huyu dada hapendi Pralenge. Anachopenda ni mimi nisishinde. Nikisema chai, yeye uji. Nikisema mashariki, yeye magharibi. Tangu mambo ya Noel yeye ni—"

Ndege ikapita. Ilikuwa kubwa, ya kushuka chini sana, madirisha yakatetemeka. Godson alisimama mdomo wazi, kidole kimemwelekea Elieshi, na ukumbi wote ukangoja neno litue. Jina la Noel halikuwa limetajwa kwenye kikao tangu aondoke. Watu wazima walitazama sakafu.

"—ni sumu," Godson alimalizia kelele ilipoisha. "Ana sumu na mimi, na sisi wengine tunanyweshwa."

Kama Lawrence angegonga kijiko wakati ule, labda mambo yangeisha vingine. Lakini Lawrence alikuwa mtu wa kanuni. "Elieshi," alisema kwa upole, "nakuuliza mara ya mwisho. Unapenda nini kule?"

Na Elieshi akasema.

Alisema kwa hasira, ndiyo sababu alisema yote. "Unataka kujua ninachopenda? Napenda ile lifti. Ile ile ya enzi za babu. Kwa sababu inasimama. Kwa sababu ikisimama mwanangu anaongea na mimi. Nyumbani haongei. Nyinyi mnamwona anawamiminia chai, anatabasamu, mnasema binti mzuri. Nyumbani mimi naishi na mlango. Nikitaka kumjua mwanangu lazima nipande ndege niende nikaning'inizwe kwenye waya juu ya miti. Ndiyo napenda kurudi pale pale, Godson! Nirudi pale pale mara mia!"

Angeishia hapo ingetosha, nafikiri. Teresia alikuwa ameshaweka chapati chini. Lakini Godson bado alikuwa amesimama, na uso wake bado ulikuwa na lile neno sumu, na Elieshi alitaka kumpiga kwa kitu kizito. Kitu kizito alichokuwa nacho kilikuwa kimoja.

"Mnajua aliniambia nini mwaka jana?" alisema. "Lifti imesimama, theluji inaanguka. Aliniambia siku ya kuzaliwa kwake alimpigia baba yake. Yeye ndiye aliyempigia, kwa sababu baba alisahau. Akapokea mtoto. Mtoto mdogo, anaanza kuongea. Akasema Daddy yuko bafuni, wewe nani? Na mwanangu," hapa alimgeukia Godson na kumtazama usoni, "mwanangu akasema samahani, nimekosea namba. Akakata. Alikaa na hilo miezi, amefunga mlango, anasema fine. Akaniambia kwenye ile lifti yenu ya takataka. Hilo ndilo ninalopenda Pralenge. Sasa nikosoeni."

Ndege nyingine ilipita na hakuna aliyekuwa anaongea wa kunyamaza. Teresia alikuwa analia waziwazi, anajifuta kwa kitambaa cha chapati. Mzee wa Moshi alikohoa, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mimi naona tuende kwa mama," na mikono ikaanza kuinuka hata kabla Lawrence hajaomba kura. Iliinuka safu kwa safu. Mwishowe hata mkono wa Godson uliinuka, taratibu, mpaka usawa wa bega.

"Imepita," alisema Lawrence, amevua miwani. "Pralenge."

Watu walimzunguka Elieshi. Wakamkumbatia, wakampapasa mgongo, wakamwambia pole na hongera kwa pumzi moja. Alikuwa na furaha, furaha kali ya mtu aliyeshinda ugomvi wa miaka. Alipomwona Godson anakuja alinyoosha mgongo.

"Ungeniambia pembeni," Godson alisema chini chini. "Ningeiacha Corvel siku ile ile. Sikuwa najua."

"Sasa umejua. Kamwambie rafiki yako."

"Ndiyo shida yenyewe, shemeji. Noel atanipigia Jumapili kama kawaida. Nimwambie? Ninyamaze? Kila mtu humu ana mtu wake anayemjua Noel. Kabla ya kesho watakuwa wamempigia simu kumsuta." Alikuna shavu lake. Hakuwa na ushindi wowote usoni wala kinyongo, na hilo lilimtisha Elieshi kuliko matusi. "Lile halikuwa lako kulisema, wala langu kulisikia. Lilikuwa la Daisy."

"Usinifundishe mwanangu," Elieshi alisema.

Godson aliangalia juu ya bega la Elieshi, kuelekea jikoni, kisha akashusha macho kama mtu aliyefungua mlango wa bafu la watu.

Elieshi aligeuka. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, vikombe vimepangwa kizingitini, mvuke unatoka. Vijana wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wanajifanya wanatafuta sukari. Daisy, aliyekuwa anamimina chai nao, hakuwepo tena. Alikuwa ameshavaa koti, anakatiza ukumbini kuelekea mlangoni, na watu walikuwa wanampisha kwa huruma, na mwanamke mmoja alimgusa shavu akasema, "Pole, mwanangu." Daisy alisema asante. Alilelewa vizuri.

"Daisy," Lawrence aliita, masikini, hajui kinachopita mbele yake, anapanga vyumba kichwani. "Wewe na mama chumba kimoja kama kawaida?"

"Just her," alisema Daisy, akatoka.

Elieshi alimkuta kituo cha basi, amesimama mbali na kibanda, mvua nyepesi inamwangukia. Aliposogea Daisy hakusogea, ila alikaza mkanda wa begi lake.

"Mwanangu, nilikuwa nakupigania. Ile wiki ni yetu. Usingependa watupeleke—"

"You told Uncle Godson."

"Nilikuwa na hasira. Alinitukana mbele ya watu, ulisikia alivyosema—"

"You can't stand him, Mum. Kila siku Godson hivi, Godson vile." Alikuwa anachanganya lugha kama afanyavyo akichoka kabisa. "And you gave it to him. Mimi sikumwambia mtu. Not one person. Wewe tu."

"Nisamehe."

"Fine," alisema Daisy.

Elieshi alitaka kumshika mkono. Alitaka kumwambia kwamba ni neno moja tu katika maneno mengi waliyoongea kule, kwamba mengine yote anayo salama, kwamba amekosa na anajua amekosa. Alikuwa mwanamke mwenye maneno kwa kila mtu na kila ugomvi, na pale kituoni hakupata hata moja la kumpa mwanawe ambalo lisingekuwa la kujitetea. Basi la ghorofa likaja. Daisy akapanda, akagusisha kadi, akaanza ngazi za kwenda juu. Elieshi akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

"Kaa chini, Mum," Daisy alisema bila kugeuka. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni pa kukaa.

Elieshi alikaa chini, kwenye viti vya wazee, koti limelowa. Simu yake ilianza kulia kabla hawajafika mataa ya kwanza. Wana-Theluji walikuwa wameshaingia kwenye kundi. Kuna aliyetuma picha ya Pralenge na makofi. Kuna aliyeandika kwamba leo Mama Daisy ametutoa machozi. Halafu Teresia, kwa moyo wake wote mwema: "Mungu amtie nguvu binti yetu Daisy. Kukataliwa na baba si kitu rahisi. Tutakuwa tunamwombea kila Ijumaa." Chini yake mikono ya kuomba ikamiminika, na pole, na pole sana, na mwingine ambaye hakuwa hata kwenye kikao akauliza kulikoni, na mwingine akaanza kumweleza.

Elieshi aliandika, "Jamani naomba msiandike hapa," akatuma, na ujumbe wake ukamezwa na pole nyingine. Daisy naye alikuwemo kwenye lile kundi. Mama yake ndiye aliyemwingiza, alipofikisha umri, akamkaribisha kwa maua na jina lake kwa herufi kubwa. Elieshi alitazama dari la basi. Mtu akitembea kule juu huwa unasikia, na hakuna aliyekuwa anatembea.

Simu ikatetemeka tena mkononi. Kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wa kundi alionyeshwa taarifa ambayo wengine hawakuiona, mstari mmoja mwembamba wa kijivu katikati ya zile pole: Daisy ameondoka.